Chini ya Jicho la Mama

Sanduku la bati la mama lina kufuli, lakini ufunguo wake nyumba nzima tunaujua ulipo: chini ya godoro, upande wa ukutani. Siku hiyo sikwenda kuiba. Nilikuwa natafuta cheti changu cha kidato cha nne, maana nilisikia kuna mahali wanaandikisha makarani wa muda, na mwandishi wa riwaya ambayo bado haijachapishwa naye ana tumbo kama watu wengine. Cheti nilikipata. Chini yake nikapata kitu kingine: kitambulisho cha kazi cha mwaka 1998, kadi ndogo iliyovikwa plastiki, pembe zimeanza kufumuka.

Picha ni ya mama. Nilijua ni yake kwa jina lililoandikwa pembeni, maana sura yenyewe nusura niikatae. Mama yangu ni maji ya kunde, rangi moja kuanzia paji la uso mpaka shingoni. Yule wa kwenye picha alikuwa na rangi mbili. Mashavu na paji la uso vilikuwa vyake, lakini chini ya kila jicho palikuwa na bonge la weupe wa kijivu, kama mtu aliyechovya kidole kwenye majivu akajipaka. Mdogo wangu akachungulia begani kwangu, akaangua kicheko.

"Ebo! Na huyu bundi ni nani?"

Mimi sikucheka. Wenzangu mnaoandika mtanielewa. Huu ni mwaka wa pili nahangaika na riwaya ambayo mhusika wake mkuu ni mwanamke wa kiwandani, na mpaka leo sijapata uso wa kumvika. Picha nyingine ya ujana wa mama hatuna. Hii ndiyo pekee, na ndani ya hiyo pekee mwenyewe kajificha. Nikaichukua kadi, nikamfuata jikoni.

"Shikamoo, mama. Hivi hapa ulijipaka nini?"

Akafuta mikono kwenye khanga, akaitazama kadi, akaichukua, akaitia kifuani.

"Marahaba. Nani kakutuma sandukuni kwangu?"

Mazungumzo yakaishia hapo. Basi, msomaji wangu, mtu akinyimwa jibu nyumbani huenda kulitafuta kwa majirani. Nikazunguka maktaba, nikasoma kila nilichokipata, nikamsumbua dada yangu ambaye kazi yake ni kupamba maharusi. Ninayoyaleta hapa ndiyo niliyorudi nayo: historia ya kipande cha ngozi kisichozidi upana wa vidole viwili, chini ya jicho, na ya jinsi weusi wake ulivyogeuka kuwa kitu cha kufichwa.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Ngozi ya chini ya jicho ni miongoni mwa ngozi nyembamba kabisa za mwili. Unene wake ni kama nusu milimita. Mishipa midogo ya damu iliyo chini yake huonekana kwa juu kama kivuli cha samawati au zambarau. Kwa sisi watu weusi mara nyingi ni rangi yenyewe ya ngozi, ile melanini, ambayo imejaa zaidi mahali hapo. Kwa wengine ni bonde tu: nyama imepungua, mwanga ukija kutoka juu unatupa kivuli. Wapo wanaojikuna macho kwa mzio mpaka ngozi ikasinyaa na kuwa nyeusi. Na wapo wanaozaliwa nao, wakaurithi kama pua au vidole vya miguu. Kukosa usingizi huuongeza, lakini si kila mwenye weusi huo kakesha.

Hata hivyo macho ya watu hayana subira na sababu zote hizo. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walichapisha jaribio lao. Waliwapiga picha watu 10 mara mbili, mara moja wakiwa wamelala vizuri na mara nyingine wakiwa wamekaa saa 31 bila kulala, halafu wakawaonyesha picha hizo watu wengine 40. Waliokesha walionekana wana macho mekundu, kope zimelegea, weusi umezidi chini ya macho. Zaidi ya hayo, walionekana wana huzuni. Watazamaji waliulizwa pia habari za huzuni. Wakaiona usoni.

Mtaani kwetu jaribio hilo lilifanyika zamani, tena bila kamera. Shangazi yeyote wa uswahilini akikutazama usoni mara moja anatoa ripoti: huyu kalewa jana, huyu kaachwa, huyu ana mtoto mchanga hamlazi, huyu ana mimba. Chini ya jicho ni ukurasa, na kila mpita njia anajiona ana haki ya kuusoma.

Sasa hebu turudi nyuma. Nilidhani nikifika kwa wahenga nitakuta nao wanaficha weusi. Nikakuta kinyume: wanauongeza.

Zaidi ya miaka 5,000 iliyopita Wamisri walikuwa wakisaga rangi za macho juu ya vibao vya mawe, na vibao hivyo vimefukuliwa ndani ya makaburi yao. Rangi ya kijani ilitoka kwenye malakiti, jiwe lenye shaba. Nyeusi ilitoka kwenye galena, jiwe lenye risasi. Nazungumzia ile metali nzito, sio ya bunduki. Walipaka wanawake na wanaume, matajiri kwa maskini. Wakemia wa Ufaransa waliochunguza mabaki ya rangi hizo katika makumbusho ya Louvre, Paris, waliandika mwaka 2010 kwamba ndani yake walikuta chumvi za risasi ambazo zilitengenezwa kwa makusudi, na kwamba huenda kiasi kidogo sana cha chumvi hizo kiliamsha kinga ya mwili dhidi ya maradhi ya macho. Usikimbilie dukani, ndugu yangu. Risasi ni sumu, na wanja uliochanganywa na risasi unadhuru watoto mpaka leo. Ninachotaka ukione ni kwamba kwa Mmisri weusi uliozunguka jicho ulikuwa pambo, na tena dawa.

Pwani yetu nayo ilikuwa hivyo. Wanja wa manga ulikuja na majahazi kutoka Uarabuni, kama jina lake linavyosema, ukakaa kwenye vidau vya bibi zetu pamoja na hina na asumini. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu wa kisiwa cha Pate alimtungia binti yake utendi wa mawaidha. Mna dini ndani yake, mna adabu za ndoa, na mna kujipamba pia, na wanja wa macho umetajwa humo kama jambo ambalo mwanamke hapaswi kuliacha. Shule tuliufundishwa kama utendi wa utiifu, tukaukariri kwa ajili ya mtihani, tukausahau. Jambo ambalo mimi sikulitilia maanani wakati ule ni kwamba mtunzi mwenyewe alikuwa mgonjwa alipoutunga, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mimi mtunga hadithi namwona kitandani, macho yamembonyea, usingizi hauji, anamwusia mtoto habari za wanja. Pengine alijua alichokuwa akisema. Jicho likizungushiwa weusi mzuri, weusi wa maumivu hupata pa kujisitiri.

Ulaya walichukua njia nyingine. Kwa karne nyingi huko weupe wa uso ulikuwa alama ya mtu asiyelima, asiyeanika nguo, asiyepigwa na jua. Wakaichukua risasi ileile ya Wamisri, wakaiweka penye mvuke wa siki mpaka ikatoa unga mweupe, wakajipaka uso mzima. Yule mrembo wa Uingereza, Maria Gunning, aliyeolewa na bwana mkubwa wa Coventry, alikufa mwaka 1760 kabla hajatimiza miaka 30, na watu wa zama zake walisema rangi za uso ndizo zilizomwua. Angalia mambo ya dunia: metali moja, Misri nyeusi machoni, Ulaya nyeupe usoni.

Lakini hao walikuwa mabibi wa majumba makubwa. Mwanamke wa kawaida, mfua nguo, muuza samaki, hakuna aliyemtaka afiche uchovu wake. Kilichomfikia yeye ni kamera.

Filamu za mwanzo za sinema hazikuiona rangi nyekundu. Kila chenye wekundu kilitoka cheusi kwenye picha. Ngozi ya Mzungu yenye madoa mekundu ilionekana chafu, na vivuli vya chini ya macho vikawa mashimo. Mwigizaji aliyekesha jana anaonekana leo kama maiti, na uso wake huo unatandazwa ukutani kwa ukubwa wa nyumba. Hapo ndipo anapoingia Max Factor, mzaliwa wa Poland, mtengeneza mawigi na vipodozi vya wasanii, aliyehamia Marekani mwaka 1904. Mwaka 1914 alitengeneza rangi ya uso maalumu kwa ajili ya sinema, nyepesi, isiyopasuka mwigizaji akicheka. Filamu zilipobadilika, na taa nazo zikabadilika, akatoa rangi nyingine mwaka 1928. Mwishoni mwa miaka ya 1930, filamu za rangi ziliposhika kasi, ikaja poda ya kigae iliyoitwa Pan-Cake, na wanawake wa kawaida wakaanza kuinunua ili wafanane na wale wa kwenye pazia. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1938, lakini kampuni yake mwaka 1954 ikatoa kijiti cha kufichia madoa na weusi wa chini ya macho, wakakiita Erace, jina linalocheza na neno la Kiingereza lenye maana ya kufuta.

Kufuta! Mimi nimeshinda nalo neno hilo siku nyingi. Mwandishi anajua kufuta ni nini. Ukifuta, kilichokuwapo hakijaondoka. Umeamua tu kwamba msomaji asikione.

Na kulikuwa na mwingine, ambaye habari zake zilinigusa zaidi. Lydia O'Leary wa Marekani alizaliwa na alama kubwa nyekundu usoni. Alisomea kemia, lakini alipotafuta kazi ya kuuza dukani alikataliwa kwa sababu ya uso wake. Akaenda akachanganya mwenyewe, mpaka mwaka 1928 akapata rangi nzito inayofunika kabisa, akaiita Covermark, na mwaka 1932 serikali ikampa hataza ya ugunduzi wake. Huyu hakufanya kwa ajili ya sinema wala kwa kutafuta mume. Alitaka kazi. Weka jina lake pembeni, tutalihitaji.

Tuje kwenye rangi zenyewe. Hapa mwalimu wangu ni dada.

Dada alinikalisha kwenye kiti chake cha maharusi, mwanaume mzima nimefungwa taulo shingoni, akasema ananitumia kufanyia mazoezi, maana weusi wa chini ya macho yangu ni "wa mfano". Akachukua kwanza rangi ya chungwa, akanigusa chini ya jicho.

"Chungwa? Unanifanya kinyago?"

"Kaa kimya, unanitikisa."

Akaipigapiga kwa kidole cha pete, kwa sababu, alisema, kidole hicho ndicho kisicho na nguvu, na ngozi ya hapo haitaki kuvutwa. Juu yake akaweka konsila ya rangi yangu, kidogo sana, kisha poda laini ili isitelezeteleze kwa jasho. Nikapewa kioo. Kile kivuli nilichoishi nacho tangu utoto hakikuwapo. Nilikuwa kijana aliyelala saa nane. Nilijipendea, sitaki kusema uongo.

Siri ya lile chungwa ni ya zamani. Michel Eugène Chevreul, mkemia wa Ufaransa, alipewa mwaka 1824 usimamizi wa utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba rangi za nyuzi ni hafifu. Akachunguza, akakuta nyuzi hazina kosa. Kosa lilitoka kwenye rangi jirani, maana rangi mbili zikikaa pamoja zinabadilishana sura machoni. Mwaka 1839 akatoa kitabu kikubwa juu ya jambo hilo, na kwenye duara lake la rangi chungwa linatazamana na samawati. Zikiwekwa ubavuni kila moja humzidishia mwenzake nguvu, lakini zikichanganywa zinauana. Kwa hiyo kivuli cha samawati chini ya jicho la mtu mweusi hakitaki weupe. Kinataka chungwa.

Nilipomweleza dada akasema: "Huyo mzee wako simjui. Mimi nililijua chungwa siku nilipomharibu bibi harusi wangu wa kwanza." Alikuwa msichana aliyekesha siku tatu kwenye ngoma na vigodoro vya nyumbani kwao. Dada, bado mgeni wa kazi, akachukua konsila nyeupe kuliko zote, akairundika juu ya weusi moja kwa moja. Kwenye kioo msichana alionekana safi. Picha zilipotoka, mwanga wa kamera ulikuwa umeigonga ile poda ukarudi, na chini ya macho pakawa kijivu. "Kama maiti," dada akasema. "Mama yake hajanisalimia mpaka leo."

Kijivu! Nikaikumbuka kadi ya mama. Basi nikajua lililotokea mwaka 1998: rangi nyeupe mno, juu ya weusi wa samawati, mbele ya mwanga wa kamera. Lakini kwa nini rangi nyeupe mno? Kwa nini asichukue yake?

Kwa sababu yake haikuwapo dukani. Vikopo vile vilitengenezwa kwa ngozi ya watu wengine, na sisi tukauziwa masazo. Hata picha yenyewe haikututazamia. Kwa miaka mingi maabara za kusafishia picha za rangi zilipima rangi zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi hizo zikiitwa Shirley. Waliokuwa wafanyakazi wa Kodak wamesimulia kwamba kampuni ilianza kuzishughulikia rangi za kahawia baada ya malalamiko ya watengeneza chokoleti na watengeneza samani. Umesikia, msomaji? Kabati lilisikilizwa kwanza.

Watu weusi hawakukaa bure. Marekani, Eunice Johnson alianzisha vipodozi vya Fashion Fair mwaka 1973, baada ya kuona wanamitindo wake weusi wanachanganya rangi mbili tatu kwa mikono yao ili wapate moja inayowafaa. Mwaka 1994 Iman, mwanamitindo Msomali aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kwenda Marekani, akaanzisha vya kwake. Na mwaka 2017 Rihanna alipotoa faundesheni ya rangi 40 kwa mpigo, kampuni nyingine zikaona aibu zikaanza kuongeza. Lakini kati ya New York na uchochoro wa Manzese kuna bahari. Mwaka 1998 kibarua wa kiwandani alikuwa na poda ya jirani.

Hapa kwetu mambo ya uso yalishawahi kuwa siasa. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Januari 1969. Ilipiga marufuku minisketi, mawigi, suruali za kubana, na mafuta ya kujichubua. Kabla hata siku haijafika, vijana wa kiume walikuwa Kariakoo wakiwafukuza wanawake vituoni mwa mabasi. Lengo lililosemwa ni kulinda utamaduni wa Mwafrika. Sikatai kwamba mkorogo ni balaa. Sabuni zenye zebaki huua figo. Haidrokwinoni, dawa ambayo jamaa zake zilijulikana kwa kuchubua ngozi tangu mwaka 1939, pale glavu za mpira zilipoibabua mikono ya wafanyakazi weusi wa kiwanda kimoja cha ngozi Marekani, ikitumiwa muda mrefu huleta weusi mpya wa samawati mashavuni na karibu na macho, weusi ambao hautoki. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza mwaka 1975. Tanzania ilipotunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, dawa hizo zikaingia kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa. Sawa kabisa. Kuchubua ni kuichoma nyumba. Konsila ni pazia tu, unalishusha jioni unaliosha.

Ila nikiwasikiliza wote hao pamoja, yule wa sinema anayesema futa, wa dukani anayesema kuwa mweupe, na kijana wa mwaka 1968 anayesema vua, naona jambo moja limewapita wote. Wote waliutazama uso wa mwanamke wakauamulia. Hakuna aliyemwuliza amechoka kwa nini.

Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwao. Nilitaka uso wake kwa ajili ya riwaya yangu.

Jibu lilikuja lenyewe, saa tisa usiku. Hiyo ndiyo saa ambayo mama huamka kukanda unga wa maandazi ya biashara, nami mara nyingi ndiyo saa yangu ya kukata tamaa na sura niliyokuwa nikiiandika. Nikatoka uani kumpulizia moto. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Halafu akasema bila kugeuka:

"Baba, we si ulitaka habari za ile picha?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa na mimba yako. Ya miezi mitatu. Tumbo halijatoka bado, lakini silali, kila nilacho kinarudi. Vibarua tulikuwa tunaandikishwa upya kila miezi mitatu, na mwenye mimba haandikishwi. Hawasemi kwa mdomo. Unakuta jina halimo." Akapiga donge la unga. "Tumbo ningelifunga kwa khanga. Macho utayafunga na nini? Msimamizi wetu alikuwa na mke, ana dada zake, anajua kusoma. Asubuhi ya picha jirani akanipa kikopo chake. Nikapaka chote."

"Kilikuwa cheupe, mama."

"Nilijua ni cheupe. Nilikiona kwenye kioo. We unadhani nilikuwa sijioni?" Akacheka kidogo. "Bora wanione mshamba asiyejua kujipodoa. Mshamba anaandikishwa."

Akaandikishwa. Miezi mitatu mingine ya mshahara. Kile kitanda ninachokikalia nikiandika, akaniambia, ndicho alichokinunua kwa fedha hizo, ili asinizalie mkekani.

Mwanamke yule wa Marekani niliyekuomba umweke pembeni, msomaji, sasa mrudishe. Nilikuwa nikidhani nafuatilia historia ya urembo. Kumbe sehemu kubwa yake, kwa akina mama kama wangu, ni historia ya kazi: nani anaruhusiwa aonekane amechoka, na nani akionekana anakatwa jina. Tajiri akiwa na weusi chini ya macho watu husema pole, una majukumu mengi. Kibarua akiwa nao, husemwa hafai. Nami niliyemwita picha mbovu nilikuwa ndani ya picha hiyo. Ule weusi aliokuwa akiufunika ulikuwa mimi.

Nikamsimulia, ili nicheke nisije nikalia, kwamba kati ya mwaka 2020 na 2021 ilizuka mitindo Ulaya na Marekani, wasichana wakawa wanajichora weusi chini ya macho kwa penseli na rangi ya mdomo ya kahawia, ati ndio urembo. Mama akaliacha donge.

"Wanajichora?"

"Wanajichora."

"Waje hapa wakande unga saa tisa. Wataupata bure."

Wiki iliyopita nilikwenda studio kupiga picha ya paspoti, maana ile kazi ya ukarani wanataka picha mbili. Njiani nilipita kwa dada. Alikuwa ameshika kile kidau cha chungwa tayari, akasema usaili ni usaili, niache ushairi, nikae. Hakukosea. Yeye mwenyewe kila asubuhi hajipeleki kwa wateja bila kupita kwenye kioo, na fedha anayoileta nyumbani tunaila wote. Nilikaa kitini. Halafu nikasimama, nikamwambia nitarudi siku ya usaili wenyewe.

Studio, mpiga picha alinipiga mara moja, akafungua kompyuta yake, akaukuza uso wangu ukajaa kioo kizima. Kishale kikatua chini ya jicho la kushoto.

"Hapa kaka nikufutie? Dakika moja tu, sikuongezei hela."

Nilitazama. Sikuwahi kujiona mkubwa hivyo. Pale chini ya jicho palikuwa na kivuli cha samawati kilichopinda kama mwezi mchanga, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wa mama wa mwaka 1998, ule wa chini ya poda.

"Acha," nikamwambia. "Nitolee nakala tatu."

Mbili nimezipeleka kwenye kazi. Ya tatu ipo sandukuni, pembeni ya kadi yake.